Mawe ya Mizani ya Mama Nuha

Jumatano ilikuwa siku yetu. Pale Mahalla, mji wetu wa viwanda hapa Misri, walituita "wanene wa Jumatano," na sikuwahi kugombana na mtu kwa jina hilo, maana tukikaa wanawake tisa kwenye kile chumba cha zahanati, viti vya plastiki vilikuwa vinalia kama paka waliokanyagwa mkia. Daktari Nermin ndiye aliyeleta mtindo huo. Msichana mwembamba, miwani mikubwa, hajaolewa, tukamtafutia mchumba hata kabla hajatuambia jina lake. Alisema amechoka kumwona kila mwanamke kwa dakika tatu, anampa karatasi ya dawa, anamwambia "punguza kula," na mwanamke anarudi mwezi ujao ameongezeka. Sasa tutaingia wote kwa pamoja, tukae saa mbili. Kila mtu atapanda mizani, ataitwa nyuma ya pazia apimwe presha na sukari, halafu tutarudi kwenye duara tuzungumze: nani amekula nini, nani ameshindwa wapi, na kwa nini.

"Mgonjwa humsikia mgonjwa mwenzake kuliko anavyonisikia mimi," alisema.

Mimi nilikubali palepale. Tangu mume wangu afariki na wanangu waoe, nilikuwa sijapata mahali pa kupiga soga saa mbili nzima, tena serikali ndiyo inalipa umeme.

Mizani ilisimama katikati ya chumba, na nesi Afkar ndiye aliyekuwa akiisoma, kwa sauti ya muuza samaki. Kilo zako zilisikika mpaka kwenye foleni ya chanjo ya watoto. Ukiwa umeongezeka, tulikusonya wote kwa pamoja. Ukiwa umepungua, Bahiga alikupigia vigelegele na sisi tukamwitikia. Hilo la vigelegele hakutufundisha daktari, tulianzisha wenyewe. Bahiga hana harusi inayompita, na ulimi wake ukianza kucheza mdomoni huwezi kuuzuia.

Siku ya kwanza daktari alituzungukia mmoja mmoja, kila mtu aseme anataka nini.

"Nataka mume wangu ashtuke," Bahiga akasema.

"Ashtuke vipi?"

"Aamke asubuhi aulize, huyu mwanamke wa nani?"

Tukacheka. Mimi nikasema nataka kuinama nifunge viatu vyangu mwenyewe. Ikafika zamu ya Inshirah, ambaye sisi wote tulimwita Mama Nuha. Alikuwa mkubwa kuliko sote, amejaza kiti na nusu, miaka mingi amefanya kazi kiwanda cha nyuzi mpaka akastaafu, na mumewe marehemu, Haji Shahat, alikuwa na duka la vitunguu na viazi nyuma ya kiwanda hichohicho. Magoti yake yalikuwa yameharibika. Alitembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Mimi nataka ngazi," akasema.

"Ngazi gani, Hajati?"

"Za kwa mwanangu. Nuha anakaa ghorofa ya tano, lifti hakuna. Ana mimba, daktari. Nne zimeshamtoka. Hii ya tano wamemkataza kushuka ngazi, na mumewe yuko Kuwait anafunga mabomba ya watu. Yeye hawezi kushuka, mimi siwezi kupanda. Nampelekea chakula anashusha kapu kwa kamba." Akakunja mikono juu ya tumbo. "Nataka nimpokee mjukuu wangu kwa mikono hii. Sitaki nishushiwe kwenye kapu."

Tulicheka mpaka Afkar akachungulia kujua kuna nini. Lakini daktari hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu na Mama Nuha, akamwambia, "Tutazipanda, Hajati. Wewe na mimi."

Mimi na Mama Nuha tulikaa mtaa mmoja, kwa hiyo nilikuwa namsindikiza. Kila tukitoka zahanati tulipitia chini ya nyumba ya Nuha, Mama Nuha anasimama katikati ya barabara, toktok, zile bajaji zetu, zinampigia honi, yeye hajali, anainua kichwa.

"Nuha! Ee Nuha!"

Binti anatokeza juu kabisa, kichwa tu na mtandio wa kijani.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Mayai."

"Mangapi?"

"Mama, mtaa mzima unasikia!"

"Acha usikie! Mayai mangapi?"

Kapu linashuka likizunguka. Mama Nuha anatia sufuria ya kabichi iliyojazwa wali, kuku wa kuchemsha, na tembe za vitamini alizofunga kwenye kitambaa. Kapu linapanda. Halafu wanabaki wanaangaliana, mmoja juu mmoja chini. Ukitaka kujua umbali wa ghorofa tano, uliza mtu ambaye mwanawe yuko huko juu.

Mama Nuha alijitahidi kuliko sote. Samli aliifungia kabatini, ufunguo akampa jirani. Alipunguza mkate. Alizunguka kiwanja cha shule jioni huku ameshika ukuta. Baada ya wiki chache alipanda mizani, na Afkar akapaza sauti: amepungua kilo tatu. Mama wee! Bahiga alirusha vigelegele vya kuozea binti wa mfalme. Tulimkumbatia, mwingine akampigia ngoma kwenye mgongo wa kiti, hata daktari alipiga makofi. Mama Nuha alicheza akiwa palepale juu ya mizani, mabega tu, na Afkar anapiga kelele, "Shuka, utaivunja mali ya serikali!"

Jioni ileile Nuha alianza kutokwa na damu.

Majirani walimshusha kwa kiti wakamkimbiza hospitali. Mama yake alifika nyuma kwa toktok, amevaa kiatu kimoja. Mungu alisaidia, mtoto alibaki. Walimrudisha Nuha nyumbani kwa masharti makali: kitandani, na kibarazani kwa kiti tu, asubuhi na jioni apate hewa. Ngazi asizisikie hata kwa jina.

Jumatano iliyofuata Mama Nuha alikuja kimya. Bahiga alileta ubani akafukiza chumba kizima, daktari akakohoa na kufungua dirisha. Tukasema maneno yote yanayosemwa, tukainua vidole vitano vya kukinga jicho kwenye macho ya hasidi asiyejulikana. Mama Nuha aliitikia amina.

Na tangu siku hiyo hakupungua tena.

"Palepale!" Afkar akasoma. Wiki inayofuata, "Palepale!" Na nyingine hivyohivyo. Sisi tukapata jina jipya, tukamwita Mama Palepale, na yeye ndiye aliyelicheka zaidi.

"Nani anakula usiku kwako, paka?" Bahiga akamuuliza.

"Paka nimemfukuza. Alikuwa ananimalizia."

Daktari Nermin alijaribu kila njia. Alimpa karatasi ya vyakula, akaibadilisha, akambadilishia tena. Sukari yake ikaanza kupanda, na daktari akamwongezea vidonge.

"Hajati, tuambizane ukweli. Hii sukari inatoka wapi?"

"Inatoka dukani, mwanangu."

"Sitanii. Unakula basbusa, ile keki ya shira?"

Mama Nuha aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa. "Kipande."

"Kipande cha nani? Cha Nuha au chako?" daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika kidogo, kwa sababu alitaka zile ngazi kama yeye. "Nuha anakusubiri juu kule, na wewe unakula basbusa!"

Mama Nuha akamshika daktari mkono. "Usikasirike. Nitaacha. Mwenyezi Mungu akupe mume mtaratibu kuliko wewe."

Kicheko kikarudi, na Jumatano zikaendelea.

Tuliona, sisi si vipofu. Uso wa Mama Nuha ulikuwa unajikunja ndani. Bangili zake za dhahabu, zilizokuwa hazitoki hata kwa sabuni, sasa zilikuwa zinateleza mpaka karibu na kiwiko. Lakini mwili alikuwa ameufunika kwa gauni jeusi pana kama hema, na kila wiki lilionekana kujaa vilevile. Siku hizi alifika zahanati kabla yetu sote, ana mfuko wa plastiki mkononi, anakwenda chooni kwanza, halafu anakaa kitini na haondoki mpaka aitwe kwenye mizani. Akisimama alishika ukuta. Tulimjadili, bila shaka. Tulimjadili njiani, tukamjadili kwa muuza mboga. Tukakubaliana kwamba ni mawazo ya Nuha yanayomla usoni, kwa sababu wasiwasi huanza na uso.

"Mwenzangu," nilimwambia siku moja, "mbona uso umekuwa kama limau?"

"Mtandio nimeufunga vibaya," akajibu. Akaufunga upya na kuuvuta mbele.

Mimba ya Nuha ikaingia mwezi wa nane. Joto lilikuwa la kuchoma, feni ya zahanati inazunguka kama inayoomba likizo. Afkar akaita, "Mama Palepale, njoo tumalize!" Mama Nuha akainuka. Akatembea hatua chache, akaweka mguu mmoja juu ya mizani, akayumba. Akashika hewa. Tukasikia uzi ukikatika chini ya gauni, kisha kitu kikaanguka kwenye vigae, paa! Kikafuata kingine. Kingine kikabiringika mpaka kikagonga kiatu cha Bahiga.

Bahiga akakiokota. Lilikuwa jiwe la mizani. Chuma cheusi cha kilo, cha zile mizani za mikono miwili za wauza viazi, limechongwa herufi za jina la Haji Shahat.

"Hajati," Afkar akasema, "umekuja na duka la marehemu?"

Jamani, tulicheka. Sisemi uongo, tulicheka mpaka machozi. Tulidhani ni utani wake, maana Mama Nuha alikuwa mtu wa utani, na tulidhani tumeyaona yote. Bahiga alikuwa ameshika mbavu. Mama Nuha mwenyewe alikuwa amekaa chini kando ya mizani, ameshika sketi yake ya ndani kwa mikono miwili, na mifuko aliyoshona kuizunguka ilikuwa bado inaning'inia mizito.

Daktari hakucheka. Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye ile mifuko, akatoa chuma kimoja baada ya kingine, anakipanga sakafuni. Kila alivyotoa, uso wake ulibadilika. Kisha akamwinua Mama Nuha kwa makwapa, na nikashangaa jinsi kile kisichana kilivyomwinua bila taabu, akamsimamisha kwenye mizani.

"Soma, Afkar."

Afkar akasoma. Safari hii sauti ilimwishia njiani, akasema kwa kunong'ona. Alikuwa amepungua zaidi ya kilo kumi na nane tangu siku ya kwanza.

Na Bahiga, kwa mazoea tu, mdomo wake ukaanza kabla ya akili. Alirusha kigelegele. Kirefu, kizuri, kikajaa chumba.

"Nyamaza!" daktari akapiga ukelele. "Nyamaza!"

Kigelegele kikakatika. Feni ikabaki peke yake.

Alimpeleka nyuma ya pazia, lakini pazia lile lilikuwa kitambaa tu, tukasikia kila kitu.

"Ulikuwa unakula kidogo, Hajati?"

"Wallahi nilipunguza ule mwanzo tu. Baadaye nilikula. Nilikula kama kawaida."

"Na mgongo, unauma?"

"Usiku. Hapa, unapita mpaka tumboni."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Mtu mnene kila kitu kinamuuma. Ungeniambia nipunguze uzito."

Tulisikia daktari akivuta pumzi puani. Baadaye akasema taratibu, "Angalia juu, nione macho yako." Na baada ya hapo tukasikia kalamu yake tu.

Mimi ndiye niliyekwenda naye kupiga picha ya tumbo. Ndani ya toktok alikuwa ameegemea bega langu, na bega langu halikuhisi kitu.

"Fikriya," akaniambia, "umekasirika?"

"Nimekasirika sana. Kwa nini ulifanya vile?"

"Ile siku mliponipigia vigelegele, jioni yake damu ilimtoka mwanangu. Siwalaumu. Jicho halina mwenyewe, linaweza kutoka hata kwa anayekupenda, hata kwako mwenyewe ukijitazama kwenye kioo. Nikasema, mimi nina binti mwenye mimba, halafu nipungue, nipendeze, nicheze mbele za watu? Nikiliita jicho, litakuja likae tumboni mwa nani?" Akangoja toktok iruke shimo. "Nikasema wacha wanione mnene. Wanione nimeshindwa. Wacheke. Mtu hamwonei kijicho kichekesho. Mpaka Nuha azae salama, halafu ningekuja Jumatano moja nikayamwaga mawe yote mbele yenu, mpige vigelegele mpaka zahanati ianguke."

"Na hukujiuliza kwa nini unapungua huku unakula?"

"Nilijiuliza." Akatabasamu. "Nilidhani Mungu ananipunguzia mwenyewe, ili nipande zile ngazi."

Majibu yalipotoka, Daktari Nermin hakungoja Jumatano. Alikuja nyumbani kwa Mama Nuha mwenyewe na nguo za kawaida, akakaa kwenye kochi, chai ikapoa mbele yake. Saratani ilikuwa kwenye kongosho, na ilikuwa imeshaingia kwenye ini. Alieleza kwamba kuna hospitali ya mji wa pili, watamlaza, watampa dripu, pengine itamwongezea miezi michache. Pengine. Na asilimia kubwa ya hiyo miezi ataitumia kitandani kulekule.

"Tungejua mapema je?" nikauliza mimi, kwa sababu mtu lazima aulize.

"Sijui," daktari akasema. "Ugonjwa huu hujificha hata bila kusaidiwa. Labda. Sijui." Kisha akavua miwani. "Hajati, nisamehe. Nilikugombeza kwa basbusa."

"Basbusa nilikula kweli," Mama Nuha akasema. "Usijibebeshe na hiyo."

Daktari akalia. Mama Nuha akampa kona ya mtandio wake afute macho, akamngojea amalize, halafu akauliza swali lake moja.

"Na magoti yangu? Kwa uzito huu, ngazi nitaziweza?"

Daktari alimbonyeza goti moja, kisha la pili. "Magoti hayana mzigo tena," akasema. "Nguvu ndizo zinazokwisha."

"Basi hospitali siendi. Nakwenda kwa mwanangu kabla hazijaisha."

Tulikwenda Ijumaa, baada ya sala ya mchana. Wote tisa, na Afkar, na daktari. Tulibeba kiti cha jikoni ili apumzike kila ghorofa. Ghorofa ya kwanza alikataa kiti. Alipanda mwenyewe, mkono mmoja ukutani, mwingine kwangu, akitanguliza mguu mmoja na kuuvuta wa pili. Majirani wakafungua milango. Kila mlango chai, kila mlango maji ya baridi, "Tafadhali Hajati, ingia japo kidogo," na yeye anawaambia, "Nikirudi, nikirudi." Ghorofa ya pili Bahiga alikaa kwenye ngazi akaweka mkono kifuani.

"Mwacheni Mama Nuha," akasema huku anahema, "nibebeni mimi."

Mama Nuha alicheka, na kicheko hicho kikammaliza. Alikaa kwenye kiti, akatikisa kichwa. Basi tukamwinua. Wanawake wanne wanene, kila mmoja mguu wa kiti, tulipanda huku tunapumua kama mafahali, jasho linatuingia machoni. Na tungemwacha yeye chini tukabeba kiti kitupu, naona tusingehisi tofauti. Bahiga alikuwa ameuma mtandio wake kwa meno.

Mlangoni kwa Nuha tulimshusha, maana alitaka aingie kwa miguu. Alijifuta uso, akavuta mtandio mbele, akanyoosha gauni. Akagonga.

Lazima mwelewe kwamba Nuha alikuwa hajamwona mama yake kwa karibu tangu ile jioni ya damu. Alikuwa akimwona kutoka juu, mtandio mweusi na mabega ya gauni pana, na sauti inayouliza mayai mangapi. Sauti haikupungua hata kidogo. Alifungua mlango, tumbo mbele, amecheka tayari, kwa sababu alitusikia kwenye ngazi. Kicheko kikabaki usoni baada ya macho kukiacha.

"Mama?"

"Mimi."

"Mama, umefanywa nini?"

"Nimepungua," Mama Nuha akasema. "Si nilikwambia nakwenda kwa daktari? Mwulize huyu hapa. Nimepungua, nimekuja. Nipishe mlangoni, nataka kukaa."

Nuha akatutazama mmoja mmoja. Sisi, tunaojua bei ya mahari ya kila mtoto wa mtaa, tukaanza kuulizana kiti kiwekwe wapi. Daktari aliangalia viatu vyake. Nuha alimpokea mama yake, akamkumbatia juu ya lile tumbo, mikono ikakutana mgongoni bila shida, na hapo nadhani ndipo alipojua, kwa sababu tangu utoto wake mikono yake haikuwahi kumzunguka.

"Usilie," mama yake akamwambia. "Utamtikisa mtoto. Jikoni kuna nini?"

Alikaa kulekule juu. Alilala kitanda kimoja na bintiye, na Daktari Nermin alikuwa akipanda kila baada ya siku mbili kumchoma sindano ya maumivu. Sisi tulipanga zamu. Nuha alipokwenda kuzaa, mimi nilibaki na mama yake. Alikuwa amelala zaidi kuliko kuamka, na kila akiamka aliuliza, "Bado?" nami nikasema bado, mpaka simu ikalia. Msichana. Wote wazima. Walipompandisha yule mtoto ghorofa ya tano na kumweka kifuani kwa bibi yake, Mama Nuha alimwambia Bahiga amfungue blanketi. Akampapasa miguu, akabinya paja kwa vidole viwili.

"Mwembamba huyu," akasema. "Mnyonyesheni vizuri. Msisikilize madaktari."

Daktari alikuwepo, amesimama mlangoni. Alicheka huku anajifuta pua.

Mama Nuha alikaa na mjukuu wake siku tisa. Tulimshusha zile ngazi kwa mara ya mwisho mchana, na watoto wangu walikuwa miongoni mwa waliobeba.

Matanga yalipokwisha, wageni wameondoka, nilikuwa jikoni kwa Nuha naosha vikombe vya kahawa. Akaja na mtoto begani, akaegemea mlango.

"Mama mdogo Fikriya."

"Naam, mwanangu."

"Watu wanasema wewe siri haikai kwako. Basi niambie. Yale mawe ninayoyasikia mtaani, mama aliyafunga kwa ajili yangu?"

Tulikuwa tumekubaliana, sisi wanane tuliobaki, tukala kiapo, na Afkar na daktari pia. Kilo zetu zilikuwa zinasikika mpaka kwenye foleni ya chanjo, na hatukuwahi kufichiana hata mume anayekoroma, lakini hili tulikubaliana lisimfikie Nuha. Nikaendelea kuosha kikombe kilichokuwa safi.

"Kwa ajili yako wapi," nikasema. "Mama yako alikuwa anataka kutushangaza. Ulivyomjua. Alitaka siku ya mwisho avue yote tuanguke kwa kicheko. Ni utani tu uliomzidi."

Mtoto alikuwa anatafuta ziwa kwa mdomo juu ya bega la Nuha, analalamika.

"Ahsante," akasema mwishowe. "Huyu akikua akaniuliza, na mimi nitamwambia hivyohivyo."

Akavuta kiti cha jikoni, akakaa, akamnyonyesha.